Mkwe Mrefu

Mimi ni mrefu. Nalisema mapema nisije nikasikia mtu ananong'ona pembeni. Tena siyo ule urefu wa kusifiwa, wa kuambiwa mtoto ana umbo. Huu wangu ni wa watu kusimama njiani na kuuliza, "Huyo binti wa nani?" Nilipokuwa na miaka kumi na minane baba yangu, Eliezeri, alikuwa ananifikia begani, na baba hakuwa mtu mdogo, alikuwa nyapara wa barabara pale Mbeya na sauti yake ilisimamisha malori. Mama alinilea kwa neno moja: inama. Inama mlangoni, inama ukisalimia, inama ukipita mbele za watu, unawazibia mwanga. Basi nikainama mpaka mgongo ukazoea. Wageni wakija nyumbani nilikaa chini upesi kabla hawajaanza kuuliza nilinyonyeshwa nini.

Mwaka ule Malkia wa Uingereza alipotawazwa nilikuwa namalizia chuo cha ualimu cha wasichana, upande wa Iringa. Huko nako wakanipa jina: Mkaratusi. Aliyelianzisha ni rafiki yangu Chiku, binti wa mwenye duka pale Iringa mjini, watu wa asili ya pwani. Chiku alikuwa mfupi, mnene kidogo, na mdomo wake haukujua kupumzika. "Mkaratusi, hebu nishushie sanduku langu huko juu." "Mkaratusi, mvua imeanza huko kwako?" Nilimvumilia kwa sababu mtu mwingine akithubutu kunicheka, Chiku huyohuyo alimrukia kama kuku mwenye vifaranga.

Mwalimu wetu wa mazoezi ya viungo alikuwa Mwingereza, Misi Hokini. Mwembamba, sauti ndogo, Kiswahili chake cha kitabuni. Siku moja akaleta gramafoni ukumbini, akavua viatu vyake vya ngozi, akavaa vingine laini vya kitambaa, akatuambia tukae sakafuni. Akaweka santuri. Kisha akapanda juu ya ncha za vidole vyake.

"Yarabi," Chiku akasema, "Misi anachungulia nini?"

Tukacheka sana. Lakini Misi akaanza kucheza, na kicheko kikaisha chenyewe. Akanyoosha mkono, mkono ukawa mrefu kuliko ulivyo. Akanyoosha shingo, shingo nayo ikaongezeka. Mimi nikatoa macho. Maisha yangu yote nilikuwa najipunguza, na hapa mwanamke mzima, msomi, alikuwa anatoka jasho ili aongezeke! Akatuambia mchezo huo unaitwa bale na kwamba atatufundisha. Nilitaka kujifunza. Nilitaka sana, mpaka nikaona haya, nikatazama sakafu mtu asije akauona uso wangu.

Wiki iliyofuata Misi akachora mstari wa chaki ukutani. Akaeleza kwamba katika bale wasichana wa kundi wanatakiwa walingane, kwa sababu mmoja akizidi, macho ya watu yanamwendea yeye tu na mchezo unaharibika. Kwa hiyo atakayepita mstari, basi, bahati mbaya. Tukapanga foleni. Chiku akapimwa, akawa chini ya chaki kabisa, akarudi anajishebedua. Zamu yangu ilipofika nikakunja magoti ndani ya sketi. Sketi zetu zilikuwa ndefu, nikajua haitaonekana. Kichwa changu kikaishia palepale kwenye chaki. Nikashusha pumzi.

Misi akanitazama. Akaitazama sketi yangu, jinsi ilivyokuwa imelala chini kama pazia lisilopimwa vizuri.

"Tupokigwe," akasema, "nyoosha magoti."

Nikanyoosha. Kichwa kikapanda, kikauacha mstari chini ya sikio. Jamani! Darasa zima lilicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Natamani ningekuwa nimesema tu tangu mwanzo kwamba mimi sitaki, ningebaki na heshima yangu. Lakini nilikamatwa nikijaribu kuwa mfupi, na hakuna aibu iliyozidi hiyo, nilifikiri. Sikujua bado.

Misi hakuwa na roho mbaya. Aliniona uso umenishuka, akanipa kazi ya kuzungusha mkono wa gramafoni na kubadilisha santuri. Basi wenzangu wakicheza, mimi nazungusha. Walishona viatu vyao kwa kitambaa cha amerikani katika somo la ushonaji, mimi nazungusha. Lakini macho sikufungwa. Kila hatua niliyoiona niliirudia jioni nyuma ya stoo ya kuni, na mlangoni kwa stoo nilimweka Chiku alinde. Chiku alilinda huku akinisahihisha: "Mkono! Mkono siyo wa kufukuzia kuku, mama!"

Misi akatunga mchezo wa ndege wa mbugani. Wasichana wote walikuwa ndege wadogo. Siku moja akasema panahitajika mti wa ndege kutua. Akageuka, akanitazama, akatabasamu kama mtu anayempa mtoto pipi.

"Tupokigwe atakuwa mti. Njoo, simama hapa. Inua mikono. Usitikisike."

Chiku alianguka chini kwa kicheko. Mkaratusi amekuwa mkaratusi! Wote wakacheka, na Misi naye, asiyejua jina langu la utani, akacheka kwa sababu wengine wanacheka. Nikasimama pale mikono juu, na wale wafupi wakanizunguka wakirukaruka. Nina hasira mimi, sikatai. Nikashusha mikono.

"Misi," nikasema, "mti haujifunzi. Mimi nimekuja hapa kujifunza. Urefu wangu unadhuru nini?"

Msichana hamjibu mwalimu hivyo, tena mwalimu wa Kizungu. Nikangoja kufukuzwa.

Misi akasema, "Hebu cheza."

Chiku akakimbilia gramafoni kabla sijabadili mawazo. Nikacheza mchezo wote, wa kila ndege, kuanzia wa kwanza kuingia mpaka wa mwisho kutoka. Nilipomaliza Misi alikuwa ameketi, mkono mdomoni.

"Urefu haudhuru kitu," akasema. "Nilikosea. Mgongo wako ndio unaodhuru. Unacheza kama mtu anayeomba radhi. Nani amekufundisha kuinama hivyo?"

"Mama yangu. Kwetu kuinama ni adabu, Misi."

Akafikiri kidogo. "Ukitoka nje ya ukumbi huu, inama upendavyo. Humu ndani utasimama."

Mti ukafutwa. Nikawa korongo, ndege mkubwa anayeingia wadogo wakishapanga mstari, akazunguka peke yake katikati. Viatu vyangu vya amerikani vilikula kitambaa cha watu wawili, na Chiku hakuacha kulitangaza hilo bwenini. Kazi ngumu ilikuwa kule kuzunguka. Kizunguzungu kilinishika, nikawa naangukia ukuta. Misi akanifundisha siri yake: chagua kitu kimoja mbele yako, mbali kidogo, ukikodolee macho. Mwili ukizunguka, macho yabaki pale mpaka shingo ishindwe, kisha kichwa kirudi upesi na macho yakamate kitu kilekile. Nikachagua msumari wa kalenda. Nikazunguka, nikazunguka, ukuta ukatulia. Siwezi kueleza furaha ile.

Sasa lazima niseme habari ya mkwe, maana bila hiyo hakuna atakayenielewa.

Likizo ya Pasaka mwaka huohuo nilichumbiwa. Kijana alikuwa Mika, mwalimu mwenzangu, Mnyakyusa kama sisi, kwao karibu na Tukuyu. Alinifikia sikioni na hilo halikumkosesha usingizi. Ng'ombe wakaletwa, baba akawapokea, na tangu siku hiyo baba yake Mika akawa mwiko kwangu. Mwanamke wa Kinyakyusa hamtazami baba mkwe. Hasemi naye, hamtaji jina, hapiti alipo. Wakikutana njiani ghafla, yeye huchutama, hujifunika uso, mzee apite. Naye mzee hugeuza uso, kwa kuwa aibu ni ya wote wawili. Tulikuwa Wakristo, baba alisali mezani kila jioni, lakini mwiko huo tuliingia nao kanisani na tukatoka nao. Mpaka leo jina la mzee yule silitaji, na hapa sitalitaja.

Uso wake nilikuwa siujui. Mama mkwe, Damari, ndiye aliyenielekeza namna ya kumkwepa. "Ana koti refu la kahawia," akaniambia, "alilinunua Makongolosi alipokuwa mgodini. Halivui, jua wala mvua. Ukiona koti hilo, mwanangu, usingoje kuona kilichomo ndani." Tukacheka sote wawili.

Tukarudi chuoni, na Misi akatangaza kwamba tutakwenda kucheza Mbeya, kwenye sherehe za kutawazwa Malkia. Nikahesabu vizuri kichwani: Mbeya wapo baba na mama. Mzee yuko Tukuyu kwake na ng'ombe zake. Hakuna neno.

Tulisafiri kwa lori, tumebanana na gramafoni katikati yetu imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Nyololo tulisimama kunywa chai, baridi ya huko unaijua, Chiku akataka kuingia ndani ya koti la dereva. Mbeya tukalala katika madarasa ya shule moja, na asubuhi tukapelekwa uwanjani. Walikuwa wamejenga jukwaa la mbao chini ya mlima Loleza, na nyuma ya jukwaa wametundika picha kubwa ya Malkia. Mbele viti: Wazungu, kisha Wahindi, kisha upande wa kulia machifu na wazee wao. Watu wengine wote wamesimama nyuma ya kamba, wamejaa mpaka barabarani.

Nilimwona mama nyuma ya kamba. Nilikuwa nimesimama kando ya jukwaa, wima, kama Misi alivyotaka, na sketi nyeupe fupi ya mchezo. Mama aliponiona akaangalia huku na huku kama amefumaniwa, kisha akanipigia ishara kwa kiganja, taratibu, chini, chini. Inama. Moyo ukaniuma. Nikajifanya sikumwona.

Santuri ikaanza. Ndege wadogo wakaingia, Chiku wa kwanza, watu wakapiga vigelegele. Kisha nikaingia mimi.

Nilisikia "Lo!" ya uwanja mzima. Mtu akasema kwa sauti, "Huyo naye katoka wapi?" Safari hii sikusinyaa. Nikanyoosha shingo. Nikatembea ile tembea ya korongo, polepole, goti juu, na kelele zikapungua. Sikuwa nawazibia mwanga. Walikuja kuniona mimi. Nakwambia, kwa muda ule mdogo sikumwonea mtu yeyote haya duniani.

Ikafika sehemu ya kuzunguka. Nikatafuta kitu cha kukodolea macho. Msumari hakuna, ukuta hakuna. Mbele upande wa kulia nikaona kitu cha kahawia kilichotulia kati ya shuka nyeupe na kanzu. Nikakikamata kwa macho, nikaanza. Mwili ukazunguka, kichwa kikarudi, kahawia palepale. Nikazunguka tena, palepale. Dunia imetulia, mimi ndiye ninayekwenda. Nikazunguka tena, na safari hii macho yakapanda kidogo.

Ni koti. Koti refu. Na juu ya koti uso, ndevu zenye mvi, macho yananitazama moja kwa moja, nami namtazama moja kwa moja. Mara ngapi nilikuwa nimemtazama? Kila mzunguko!

Sikufikiri. Mwili uliolelewa kuinama uliinama wenyewe. Nikaanguka chini kwa magoti, nikashika sketi mbele, nikaivuta nikajifunika uso na kichwa. Sketi yenyewe fupi. Nilipofunika juu, chini kukabaki wazi, miguu yangu yote, mirefu isiyo na mwisho, iko nje mbele ya Wazungu na Wahindi na machifu na mama yangu mzazi. Nikaitambua hali hiyo, lakini niteremshe sketi nimwone mkwe, au niiache? Nikaiacha.

Kicheko kilipanda kama moto wa nyasi. Santuri inaendelea kulia kama vile hakuna lililotokea. Ndege wadogo wakanikwaa. Nikasikia Misi kutoka kando, "Simama! Tupokigwe, simama!" Wenzangu wangeweza kujificha mmoja nyuma ya mwingine. Mimi anifiche nani?

Chiku akaja akapiga magoti karibu yangu, mikono yake bado inapepea kama mbawa, maskini, akijitahidi mchezo usiharibike. "Umeumia?"

"Mkwe," nikasema ndani ya sketi.

"Mkwe gani tena?"

"Baba mkwe. Koti la kahawia. Amekaa mbele."

"Yarabi," Chiku akasema. Mila yetu aliijua, nilimsimulia bwenini. Akasogea mbele yangu kunikinga, akatanua mbawa. Ufupi ule, ungemkinga nani?

Ndipo nikasikia kiti kinaburuzwa.

"Amesimama," Chiku akaninong'oneza. "Anageuza kiti. Tupokigwe, amekigeuza kiti! Amekaa. Ametupa mgongo, anaangalia watu."

Kicheko kikapungua, ikaja minong'ono. Kisha kelele.

"Kuna nini?"

"Mzungu msimamizi wa sherehe anamwendea. Anamwonyesha picha. Anasema amempa Malkia mgongo. Anamwambia ageuke." Chiku akachungulia tena. "Hageuki."

Hapo nikamsikia mwenyewe, mara ya kwanza kuisikia sauti ile, nzito, haina haraka. Alisema kwa Kiswahili, uwanja wote ukasikia: "Mkwe wangu anacheza. Nikigeuka atashindwa."

Mtu akacheka. Msimamizi akapaza sauti. Nikasikia buti za askari kwenye changarawe.

"Wamemwondolea kiti," Chiku akasema. "Wanampeleka nyuma ya kamba. Anakwenda, lakini hageuzi uso. Wamemkalisha chini, juani, na mgongo wake bado kwetu. Tupo, mzee wa watu anaburuzwa kwa ajili yako na wewe bado umelala hapo! Inuka, au nakupiga!"

Nikainuka. Sketi ikashuka mahali pake. Uso ulikuwa unawaka, nilihisi masikio yananguruma. Misi akarudisha sindano mwanzo wa santuri. Nikacheza. Watu waliniambia baadaye kwamba nilicheza vizuri, kwamba hata wale waliocheka walisimama kupiga makofi. Huenda. Mimi nilitafuta kitu cha kukodolea macho nikachagua nguzo ya bendera, na kila nilipozunguka nilijua kwamba nyuma ya kamba kuna mgongo wa kahawia umekaa kwenye vumbi. Nilipata nilichokitaka maisha yangu yote, na nilikipata nikiwa nimekufa kwa aibu.

Tulipotoka jukwaani Misi alinikumbatia. Alidhani niliteleza. Kisha akauliza, "Na yule mzee mkorofi aliyempa Malkia mgongo, ni nani?"

Jina siwezi kulitaja. Hata ningeweza, nisingempa.

"Siyo mkorofi, Misi," nikasema. "Pale uwanjani yeye ndiye alikuwa na adabu." Nikaondoka bila kuinama wala kuomba ruhusa.

Kesho yake asubuhi lori letu lilisimama karibu na maduka ya Wahindi, dereva anaweka mafuta. Mama mkwe Damari akatokea na kikapu cha ndizi za kuchoma. Nikashuka, nikachutama kumsalimu, akanishika mikono akaniinua. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama," nikasema, "sikujua kama atakuja."

"Wala yeye hakujua kama utakuwepo. Chifu aliwachukua wazee wake, nasi wake zao tukafuatana nao kwa lori. Aliambiwa kutakuwa na ngoma ya wanachuo tu."

"Wamemfanya nini?"

Akarekebisha kanga yake. "Chifu amemwambia asikae tena na wazee barazani. Anasema amemwaibisha mbele ya serikali." Akaona ninavyoanza kulia, akaongeza haraka, "Mwenyewe anasema kiti kile cha barazani kilikuwa kigumu, kilimtesa mgongo siku nyingi."

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Kiti kile baba mkwe alikikalia tangu Mika hajazaliwa. Mtu anakwenda kwenye sherehe na koti lake, anaheshimiwa, anarudi hana kiti, kwa sababu ya msichana mrefu aliyetaka kuongezeka.

"Kuna jambo moja amenituma nikuulize," Damari akasema. "Anauliza, mbona ulichelewa kuinuka? Anasema, 'Mimi nimeshageuka, nimewapa mgongo wote na Malkia wao, yeye bado yuko chini. Alikuwa anangoja nini?' Hilo ndilo lililomuudhi. Hayo mengine hakuyasema."

Damari akanionyesha kwa kidevu, upande wa pili wa lori, karibu na ukuta wa duka. Nikaelewa. Alikuwa amesimama pale, amegeukia ukuta. Watu wanapita wanamshangaa, mzee mzima na koti lake anautazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Kusema naye siwezi. Lakini kusema na mama mkwe ninaweza, na kama sauti yangu ni kubwa, hilo ni kosa la sauti. Nikasema kwa nguvu, "Mama! Mtu akiuliza, mwambie nilimaliza. Nilicheza mpaka mwisho. Na mwambie niliona haya ndiyo maana nikachelewa, na bado naona haya, na sijui nitaacha lini."

Upande wa pili wa lori mtu akakohoa.

Misi akatuita. Nikapanda. Lori letu lilikuwa wazi juu, ubao wa pembeni ulifika kifuani kwa Chiku na kiunoni kwangu. Wenzangu wote walisimama wakashika ubao, wakaanza kuimba na kupunga mikono, maana watu walijaa barabarani kutuaga. Nikasimama nami. Halafu nikafikiri: mimi nikisimama hapa naonekana kutoka mwisho wa mji. Kichwa changu kikiwa juu ya vichwa vya wenzangu, mzee yule hawezi kuondoka ukutani. Atasimama pale na watu wakimcheka mpaka nipotelee huko mbele.

Nikakaa chini. Kwenye sakafu ya lori, kati ya miguu ya wenzangu, magoti kidevuni, kichwa nimekiinamisha hadi nikanusa mafuta ya injini.

"Mkaratusi, una nini?" Chiku akauliza. "Simama, watu wanakutafuta!"

"Niangalizie," nikamwambia. "Niambie mzee akigeuka."

Lori likaanza kwenda. Chiku akajinyoosha juu ya ubao, kwa vidole vya miguu, kama Misi alivyotufundisha.

"Amegeuka," akasema. "Anatembea. Amefika barabarani." Aliponitazama hakuwa na mzaha usoni. "Amesimama, Tupo. Anaangalia lori. Anawaangalia mmoja mmoja, anamtafuta aliye mrefu."

Sikuthubutu kuinuka. Nilibaki pale chini, nimejifunika uso na nguo yangu, mpaka Chiku aliponiambia kwamba lori limekata kona na haonekani tena.